Mtani wa Kujipachika

Ignas alishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, mwaka ule wa 2002, enzi ambazo kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anakigeuza duka. Alikuwa na tai moja, laptopu moja, na njaa aliyopanda nayo basi tangu Dar. Tai aliinunua mtumbani. Laptopu aliipataje, tusimchimbe sana mtu wa watu. Tuseme mwenye nayo aligeuka kuangalia pembeni. Njaa tu ndiyo iliyokuwa mali yake halali.

Alitembea hadi jirani na soko, na hapo akakiona kibao: MGETA INTANETI KAFE, BARUA PEPE, KUCHAPA NA VITUMBUA. Akachungulia dirishani. Ndani, msichana mmoja alikuwa anamtajia mwenzake neno lake la siri kwa sauti ya kuuza samaki. Disketi zilikuwa zinatoka mashine hii zinaingia ile bila kunawa. Ignas akajisikia raha moyoni, maana mjini hapa hakuna kinachompendeza mjanja kama watu wanaoaminiana.

"Nyumba haina hata mlango," akajisemea, akaikaza tai.

Mwenye kafe aliitwa Bernadeta, mama wa makamo, mzaliwa wa kule juu Mgeta. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma hadi shirika lilipobinafsishwa, na mwekezaji akasema wapiga chapa wamezidi. Wenzake walipopata kiinua mgongo walinunua mabati na viwanja Kihonda. Yeye alinunua kompyuta. Ndugu zake, wakulima wa kabichi, walimpa pole kama mtu aliyefiwa. Zile mashine ndizo zilizokuwa uzee wake wote. Zikifa, hana pa kushika.

"Shikamoo mama," Ignas alisema.

"Marahaba. Barua pepe au kuchapa?"

Ile lafudhi ya kuvuta maneno Ignas aliijua mara moja. Sasa, tapeli wa kompyuta ana shida moja kubwa: lazima apite nyuma ya kaunta, na mtu usiyemjua humpitishi nyuma ya kaunta. Ignas akatabasamu hadi jino la mwisho.

"Mama ni Mluguru?"

"Wa Mgeta."

"Basi nimefika kwetu. Mimi Mnyamwezi wa Tabora."

Tabora yenyewe aliwahi kuiona kwenye ramani ya darasa la tano. Mama yake alikuwa mtu wa Mbagala, na baba yake ni suala ambalo familia haikulimaliza. Lakini alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema mbele ya wakwe zako. Anaweza kubeba jogoo wako akaondoka naye huku unamtazama. Ukimtaka jogoo wako, unamkomboa kwa lile atakalosema mtani. Na ukinuna, aibu ni yako.

Bernadeta alimpima kutoka utosini hadi viatuni. "Ndiyo maana umekonda. Mnyamwezi akikosa mzigo wa kubeba, afya inamtoka."

"Na nyie milima yenu hiyo, kuku akitaga, yai mnakwenda kulifuata bondeni."

Kafe nzima ikacheka. Vicheko vilipokwisha, Ignas alikuwa ameshakaa nyuma ya kaunta, kitumbua mkono mmoja, disketi mkono mwingine. Ile disketi aliizungusha mashine zote akijifanya anatafuta mahali pa kusoma barua za mchumba wake.

Alasiri, herufi zikaanza kuanguka. Sisemi kwa mafumbo: ziliachia mistari yake moja moja, zikadondoka chini ya kioo, zikalala pale kama takataka zilizofagiwa. Stella, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, aliiangalia ripoti yake ya vitunguu ikipukutika.

"Mama, herufi zangu zinaanguka."

Ignas akavaa miwani isiyokuwa na kazi. "Virusi," akasema polepole, kwa majonzi. "Tena wale wabaya. Mna bahati nipo. Huko Dar wananiita Daktari."

Ili aaminike, aliwaambia keshoye wakusanyike awape somo la kujikinga. Siku hizi tuna neno wadukuzi. Wakati ule lilikuwa halijatufikia, tukiwaita tu wezi wa kwenye kompyuta. Na somo lenyewe, ukweli lazima usemwe, lilikuwa la haki kabisa. Alilisikia kwa mtaalamu mmoja ambaye yeye Ignas alikuwa akimpelekea chai ofisini, akalishika neno kwa neno.

"Mlinzi hodari ni mwizi mwenye ruhusa," Ignas alisema, mikono nyuma. "Anabisha hodi kwanza. Anamwomba mwenye nyumba: niruhusu nijaribu kukuibia. Akiruhusiwa anapita kila dirisha. Akiingia haondoki na kitu. Anasema, mama, nimepita hapa, paziba."

"Na akipita bila kuomba?" Stella akauliza.

"Huyo ni mwizi wa kawaida, hata akirudisha." Akaendelea, maana utamu ulikuwa umemkolea. "Neno la siri lisiwe kitu unachojisifia nacho, watu watalibahatisha. Na disketi ya mgeni usiitie kwenye mashine unayoipenda. Tenga moja kuukuu, ikae peke yake, ndiyo uijaribie humo."

Hapo ndipo ninapomlaumu Ignas. Mwongo akiuonja ukweli mbele ya watu wanaompigia makofi, hajui pa kuishia.

Bernadeta alikuwa amesikiliza bila kupepesa. "Kumbe ni utani tu huo," akasema. "Kuchukua kwa ruhusa. Na mtu akitaka kujaribu kuingia kwako, Daktari?"

"Si sisi watani? Mimi nina ruhusa kwako, na wewe unayo kwangu. Hawa wote mashahidi."

Watu wakapiga makofi tena. Ignas akainama kidogo, kama padri anayebariki.

Somo lilipokwisha akazifungua zile mashine, akazichungulia matumbo, akatikisa kichwa. "Mtani, nisikudanganye. Zimeoza ndani. Hizi hazitibiki, na zikiendelea kukaa hapa zitaharibu hata umeme wa jirani. Ila kwa ajili ya utani wetu nitakutua mzigo. Nipe nikakuzikie, na chochote kidogo nitakuachia cha kukufuta machozi."

Mahali pa kuzizikia palikuwa Dumila, kwa bwana mmoja aliyetaka kufungua ofisi ya kuchapa na aliyekuwa anazisubiri kwa hamu. Lakini hilo la Dumila hakulitaja.

"Njoo kesho asubuhi," Bernadeta alisema.

Yaliyofuata Ignas alikuja kusimuliwa baadaye, hakuyapenda. Bernadeta alilia. Alikaa kwenye kiti chake akalia kwa uchungu, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akaishia kuitwa mfiwa na wakulima wa kabichi. Kisha akafuta macho kwa khanga, na macho yalipokauka yakaona disketi ambayo Daktari, kwa kulewa makofi, aliisahau pembeni ya kibodi. Katika chumba cha nyuma palikuwa na mashine moja kuukuu isiyounganishwa na wenzake. Akafanya alivyofundishwa: mgeni ajaribiwe kwenye kuukuu. Chai yake haijapoa, herufi zikaanza kudondoka.

Asubuhi Ignas alifika na pikapu ya kukodi. Alishangaa kuikuta kafe imejaa, ila akadhani wamekuja kuaga marehemu. Aliweka begi la laptopu juu ya kaunta, akabeba mashine ya kwanza na dereva, wakaipandisha. Aliporudi, begi halikuwepo. Bernadeta alikuwa ameketi mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Mtani, begi langu."

"Nimelichukua."

"Umelichukuaje?"

"Kwa kulikalia." Akajiweka sawa juu yake. "Unataka kukomboa? Ponya mashine zangu. Zote, na mbele ya hawa watu, waone unavyoponya."

"Mama, hizi haziponi."

"Basi na begi halitoki."

Ignas akawageukia watu, akitafuta uso wa huruma. Dereva, ambaye hata hakuwa upande wowote, alikuwa anacheka hadi ameshika mlango. "Kaka, komboa tu. Mambo ya watani hayaingiliwi."

"Huyu Mnyamwezi ananuna," Bernadeta aliwaambia watu kwa masikitiko. "Sijawahi kuona."

Ignas alikwenda polisi. Ndiyo, alikwenda kwa miguu yake, akasimama mbele ya kaunta, akaeleza kwamba ameibiwa mchana kweupe. Askari aliyekuwa zamu, mwanamke mtulivu, alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Mtuhumiwa ni nani?"

"Mwenye intaneti kafe, Mluguru."

"Na wewe kabila gani?"

Ignas akapiga hesabu. Akisema Mnyamwezi, kesi hana. Akisema siye, ataulizwa alipitaje nyuma ya kaunta ya watu, na hilo lina maswali mengine nyuma yake.

"Nauliza kabila."

"Mnyamwezi, afande."

Askari akaweka penseli chini. "Nenda kakomboe, baba. Usitupotezee muda."

Alirudi akiwa amelowa jasho. Mashine iliyokuwa kwenye pikapu akaibeba mwenyewe, dereva akiwa amekataa kunyanyua mkono. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani disketi nyingine, ile ya dawa, ambayo mtu wa fani yake hatembei bila kuwa nayo, akaketi. Kila alipobonyeza, Stella alimuuliza kwa nini amebonyeza hapo, na watu hawakumruhusu kuendelea kabla hajajibu. Aliponya, akafundisha, akaponya. Mchana ulipofika herufi zote zilikuwa zimesimama kwenye mistari yake, na ripoti ya vitunguu ilisomeka.

Bernadeta akanyanyuka, akampa begi kwa mikono miwili. Ignas akaifungua laptopu haraka, akaandika neno lake la siri. Mashine ikakataa. Akaandika tena, taratibu, ikakataa tena.

"Ulipokwenda polisi, lile la 'daktari' nililipata mara ya kwanza kujaribu," Bernadeta alisema. "Ulituambia lisiwe kitu cha kujisifia. Nimepita dirisha hilo, nikakuzibia. Ruhusa si ulinipa?"

"Neno jipya ni lipi, mama?"

"Siri haitajwi mbele za watu. Ingia mwenyewe. Si ndiyo kazi yako?"

Na hilo ndilo lililokuwa donda la Ignas, ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu: kuharibu alijua, kuponya alichokiharibu alijua, lakini kuingia mahali palipofungwa vizuri hakujua hata kidogo. Alibahatisha mpaka vidole vikamchoka. Watu walikuwa wanamtazama kwa heshima ile wanayopewa wagonjwa.

Akainama karibu na sikio la Bernadeta. "Mama, nisamehe. Mimi si Mnyamwezi."

"Najua. Mnyamwezi gani anakwenda polisi kwa ajili ya utani?" Naye alinong'ona. "Ila fikiri vizuri kabla hujalisema kwa sauti. Ukiwa mtani, haya yote yalikuwa utani. Ukiwa siye, basi wewe ni mtu uliyeingia kwangu ukaniharibia mali, na hawa wote wameona ukiipakia kwenye pikapu."

Ignas alitazama mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa vijana wa sokoni, nao walikuwa hawana haraka.

"Mimi Mnyamwezi," akasema kwa sauti.

"Wa wapi?"

"Wa Tabora."

"Karibu Morogoro, mtani." Bernadeta akamvutia kiti mbele ya watu. "Endelea na somo, hawajajua namna ya kuziba. Ukilimaliza lote nitakupa neno lako. Stella, pita kwa hao waliosimama mlangoni, wanaotaka kusoma walipe ada. Ukiikusanya nipe mimi."