Rola Mbili na Gari la Arusi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Jumapili alasiri mwanangu Fairuz anapelekwa ukumbini kupambwa. Nyumba imejaa wanawake, vitunguu na kelele. Mimi baba mzazi sina pa kukaa. Kiti changu kimewekewa sinia ya visheti.

Jioni Fairuz kanivuta pembeni. Akasema mapambo yoyote sawa, chakula chochote sawa. Anataka kitu kimoja tu: siku hiyo atoke nyumbani kwa gari la baba yake, lile lililomleta kutoka hospitali akiwa kichanga. Nikamwambia ahesabu limekwisha. Nikatoka nje kujifuta macho, nikalitazama gari lenyewe. Lo! Kutu mpaka milangoni. Rangi nyeupe imebaki kwa mapande, kwengine ni kama chai imemwagika. Boneti ni bati tupu.

Abdulbasit, jirani yetu, alikuwa akipangusa gari lake la Dubai. Mwaka wa pili huu, na viti bado vina nailoni. Akanipa masalkheri, akaniuliza hali yangu, hali ya mke wangu, hali ya gari. Kisha akasema, kwa upole wake ule unaoniua, kwamba lake lipo, bibi arusi akilihitaji. Nikamshukuru. Atapanda langu, au mimi siitwi Faraj!

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kwa fundi wa kupuliza rangi. Alivyonitajia bei, nilidhani ananiuzia gari jingine. Nikaaga.

Bandarini Kilindini, ninakofanya ukarani, nikamweleza Kenga. Kenga kazi yake ni kupaka rangi meli. Akacheka, akasema meli hazipulizwi, zinapakwa kwa rola. Meli nzima, bwana! Inakwenda Bombay na kurudi na rangi yake. Mbona hakuna aliyeniambia miaka yote hii?

Kanipa kopo la rangi ya kijani iliyobaki na rola mbili. Kanipa na masharti: nipige msasa gari zima, nichanganye rangi na thina, si kitu kingine, nipake nyembamba, nisubiri siku nzima, nirudie, nisubiri tena, nirudie. Niliitikia kila sharti. Kenga mtu mwema, lakini mwoga. Nyembamba tatu si sawa na nene moja?

Jumatano, 7 Agosti

Nimepeleka habari kazini kwamba naumwa. Gari nimeliweka kwenye kichochoro nyuma ya msikiti, penye kivuli. Nafasi ya mtu kupita ipo, akiwa mwembamba.

Msasa nimepiga upande mmoja, ule utakaotazamwa na watu. Mkono umevimba. Thina sikuwa nayo, nikachukua mafuta ya taa ya Mwanakuu, mke wangu, alipokuwa amegeuka.

Mwanzo rola ilikwenda vizuri mno. Nilipofika kwenye paa ikaanza kunyonyoka manyoya, na manyoya yakaganda kwenye rangi. Gari likaota ndevu. Nikapaka juu yake kuzificha. Zikazidi.

Mwanakuu alichungulia dirishani juu. Akatazama muda mrefu. Akasema linafanana na stafeli, akafunga dirisha.

Alhamisi, 8 Agosti

Halijakauka. Manyunyu ya mchoo, mvua ndogo za mwezi huu, tangu alfajiri, hewa nzito kama shuka mbichi. Nikagusa kwa kidole kuhakikisha. Alama ikabaki. Nikagusa kwengine kuona kama huko pamekauka. Sasa kuna alama saba. Paka naye kapita juu ya paa, mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

Nilipepea kwa kipepeo cha jiko mpaka bega likakataa. Kisha nikaleta jiko lenyewe, na makaa yake, niliweke chini ya gari. Mwanakuu akaniuliza kama nataka arusi na matanga wiki moja. Nikarudisha jiko.

Abdulbasit kapita kwa ubavu, kanzu kaikusanya mbele kama mwanamke anayevuka maji. Akaniuliza inaendeleaje. Nikamjibu hii ni rangi ya meli, haina papara.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nilisahau kuwa leo ni Ijumaa.

Kuumwa siku tatu kazini hawakubali, kwa hiyo nilikwenda. Nikarudi mbio adhuhuri, hutuba inaishia, nikaingilia mlango wa mbele na kupata nafasi safu ya nyuma kabisa. Watu wakarukuu. Yarabi! Safu nzima mbele yangu, kanzu nyeupe zilizopigwa pasi za Ijumaa, na kila kanzu ina mstari wa kijani makalioni. Safu ya mbele yake pia. Wote wamepita kichochoroni! Nilipoteza hesabu ya rakaa, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Salamu ilipotolewa nilitoka wa kwanza, viatu mkononi. Haikusaidia. Kufika alasiri, kanzu kumi na moja mlangoni kwetu. Hakuna aliyetukana. Na hilo ndilo linalouma. Kila mmoja alisalimia, akauliza matayarisho ya arusi, akaomba heri, kisha akatoa kanzu yake iliyokunjwa vizuri.

Mwanakuu amezifua kwa mafuta ya taa niliyomwachia. Hakupiga kelele. Alisema hana nguvu za kukasirika, nikamwambie Abdulbasit aoshe gari lake. Afadhali angenirushia ndoo.

Fairuz mikono ina hina, hawezi kushika kitu. Alikaa akinitazama. Akauliza, litakauka, baba? Nikamwambia litakauka. Akaniamini, na mimi nikasikia vibaya kuliko pale msikitini.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata dawa! Leso!

Ndani kulikuwa na doti kumi na mbili za leso za kujifunga, sare ya wanawake wa nyumbani kwa ajili ya kesho, Mwanakuu kazichagua mwenyewe Biashara Street. Nikajiambia: leso ni pamba, pamba inanyonya maji. Nikilifunika gari mpaka jioni, litakauka. Na lisipokauka, basi ni pambo, nani atajua?

Wanawake walipokwenda uani kukaanga sambusa, nikazibeba zote. Nikazitandaza boneti, paa, milango, hakuna palipobaki wazi ila vioo. Nikazikandamiza kwa viganja, upepo usizipeperushe.

Saa kumi nikajaribu kuinua moja. Haikuinuka. Nikavuta. Ikachanika katikati, na nusu iliyotoka ikaacha maua yake yote juu ya boneti, mekundu. Nikairudisha nusu ile mahali pake nikaipigapiga.

Muda huo huo Mwanakuu alikuwa ndani anauliza nani kaona leso. Wakatafuta kila sanduku. Nikatafuta nao. Nilitafuta chini ya kitanda kwa bidii mpaka mgongo ukauma. Halafu mmoja akatazama dirishani.

Jumapili, 11 Agosti

Wanawake wamevaa leso za zamani, kila mtu yake. Mwanakuu hajanisemesha tangu jana.

Baada ya alasiri Fairuz akatolewa, kafunikwa, vigelegele juu yake. Walipoliona gari wakanyamaza kidogo. Kisha shangazi yangu mmoja akasema, mbona si baya, na vigelegele vikarudi. Nikasikia roho inapanda! Nikaenda kumfungulia mlango.

Mlango haukufunguka. Ile rangi nene imejaa kwenye nafasi za milango ikaganda, na leso juu yake. Nikajaribu yote minne. Wa mwisho nilivuta kwa miguu na mikono, na kishikio kikatoka kikabaki mkononi mwangu. Nikasimama nacho mbele ya ukoo mzima. Sijapata kuona aibu kama ile. Siku sita nimehangaika, na mwanangu kaomba kitu kimoja tu.

Abdulbasit akaja na ufunguo. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya.

Fairuz akafika mlangoni kwa Abdulbasit, akasimama. Akasema hapandi. Hapandi mpaka baba yake akae kwenye usukani. Abdulbasit akanipa ufunguo papo hapo.

Basi nikaendesha. Nailoni ilipiga kelele chini yangu, wanawake wakaimba nyuma, na mimi nililia kutoka kichochoroni mpaka ukumbini Makadara. Pale kona ya kutokea barabarani sikuona vizuri kwa machozi, nikasikia kwaruu upande wa nyuma. Ukuta. Kwa nyimbo zile hakuna mwengine aliyesikia.

Tulipofika, Fairuz kanishika mkono kwa ncha za vidole asiharibu hina. Akasema hakujali gari wala rangi, alinitaka mimi mbele, kama siku ile nilipomleta nyumbani. Nikambusu kipaji cha uso.

Jumatatu, 12 Agosti

Masikini mtoto. Ana adabu kama mama yake. Alisema vile kunipoza, lakini najua lilimuuma. Rangi ingekauka, angefurahi zaidi. Kosa nimeshaliona: leso ni nzito. Ningetumia shashi.

Sasa kuna jambo la haraka. Abdulbasit hajalizunguka gari lake bado. Mkwaruzo uko nyuma kushoto, urefu wa mkono wangu. Kwenda kumwambia, baada ya wema wake wote, sina uso. Gari ni jeupe. Kenga nimemuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, akasema huyo rafiki aende akaungame. Mwoga yule, nilishasema.

Rangi nyeupe ninayo, ilibaki tulipopaka dari. Rola moja bado ina manyoya ya kutosha. Abdulbasit hulala baada ya adhuhuri saa nzima, na saa nzima kwa rangi nene inatosha. Mafuta ya taa Mwanakuu ameyaficha, lakini ya kupikia yapo.