Aliyeuza Septemba

Mzee aliyekuwa akibishania bei ya dafu pale gatini Castries, mji wa bandari wa kisiwa, alivaa viatu vya ngozi safi, saa ya dhahabu, na kofia ambayo thamani yake ingenunua minazi kumi pamoja na mkwezi wake. Ubishi wenyewe ulikuwa wa dola moja. Cletus Mondesir, aliyekuwa ameegemea nguzo akijifanya anasoma gazeti, alilikunja gazeti lile taratibu, kwa heshima, kama padri anayefunga kitabu cha misa. Mtu anayekataa kutoa dola moja kwa ajili ya dafu, aliwaza, hauziwi raha. Huyo huuziwa nafuu, na nafuu hiyo ataigharimia bei yoyote.

Mjini hakuna aliyemwita Cletus isipokuwa shangazi yake. Wengine wote walimwita Kalenda, kwa sababu bidhaa yake ilikuwa miezi. Wenzake waliwauzia wageni shanga, kofia za ukindu na safari za kwenda kuona pomboo. Yeye aliuza Septemba.

Ni lazima biashara hiyo ielezwe kwa haki, kwa kuwa hata mwizi anastahili kuelezwa vizuri. Wageni huja kisiwani kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati mvua imepumzika na upepo una adabu. Kuanzia Juni bahari huanza kupika vimbunga, na Septemba ndipo chungu huchemka. Mtoto wa kisiwa hulijua hilo kabla ya kujua jina la baba yake. Kalenda alikuwa amegundua kwamba mgeni huweza kusahaulishwa jambo hilo kwa nusu bei. Mgeni alilipa fedha zote mapema, mwezi wa pili, jua likiwaka. Ilipofika Septemba, wingu lolote jeupe lililojizungusha kwenye taarifa za habari, hata kama lilikuwa maili elfu moja mbali, lilimfanya mgeni abaki kwao, na mkataba ulisema aliyeogopa harudishiwi. Kwa miaka sita hakuna mgeni hata mmoja aliyekanyaga ngazi. Wala nyumba haikuwa ya uongo: ilikuwapo, juu ya kilima, ina vyumba vinne na veranda ya bluu.

"Mzee wangu," alisema Kalenda akisogea, "usimpe huyo dola yako."

Mzee aligeuka. "Na wewe ni nani?"

"Mtu aliyechoka kuona wageni wakichunwa. Nani alikushauri uje Februari?"

"Mke wangu." Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Torvald Gunderson, daktari wa meno mstaafu kutoka Winnipeg, alimwonyesha kwa kidole gumba mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akisoma kibao cha matangazo ya bandari tangu neno la kwanza.

"Basi mmeshauriwa kama wanavyoshauriwa wote. Hebu niulize sisi wenyeji tunapumzika lini."

"Lini?"

Kalenda alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya ukoo. "Septemba."

Muuza madafu alipaliwa. Alikohoa hadi akashika tumbo.

"Ana nini huyu?" aliuliza daktari.

"Kifua. Ni cha Februari hicho, hakimwachi."

Mama mwenye miwani alikuwa amekwisha kufika. Jina lake lilikuwa Marit. "Septemba si ndiyo ya vimbunga?"

"Mama yangu, ni nani anayetangaza vimbunga? Wenye hoteli! Wanataka mje wote Februari mbanane kama dagaa. Septemba pwani tupu, maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, na bei ni nusu."

Daktari Gunderson alisikia neno la mwisho peke yake.

Alasiri hiyo walipanda kilimani kuiona nyumba. Ilikuwa imejengwa na bibi yake Kalenda, Ma Théodora, juu ya ardhi ya ukoo. Na ardhi ya ukoo, kama kila mtu kisiwani ajuavyo, haiuzwi, haigawanywi, na hakuna mrithi anayeweza kumfukuza mrithi mwenzake. Lakini sheria haikusema lolote kuhusu kufuli. Bibi alipofariki, Kalenda aliwahi kuingia, akapaka veranda rangi ya bluu, akafunga lango. "Ninalinda mali yetu sote," alisema. Shangazi Eudoxie, binti wa kuzaliwa wa Ma Théodora, aliishi chini ya kilima katika vyumba viwili vyenye bati lililooza, na ili kuiona nyumba ya mama yake ilimbidi ainue kidevu. Kila Krismasi aliomba ufunguo. Kila Krismasi Kalenda alijibu, "Wageni wakija, shangazi, wewe ndiye mpishi wao." Wageni hawakuja.

Marit aliusoma mkataba kwa dakika arobaini, mbele na nyuma, huku mumewe akitokwa na jasho.

"Hapa pameandikwa tusipokuja tumepoteza, na serikali ikitoa onyo la kimbunga kila mmoja wetu ataachana na mwenzake bila madai, fedha zikibaki kwako. Ni serikali, si mawingu?"

"Serikali, mama."

"Na wewe ukishindwa kutupokea?"

"Mimi? Nishindwe?"

Marit aliandika pembeni ya ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa mviringo, kwamba mwenyeji akishindwa kuwapokea atarudisha mara mbili. Kalenda alitia sahihi huku akicheka. Septemba haikuwa imemwangusha hata siku moja.

Mwezi wa saba alikwenda kumsalimu shangazi, yaani kula. Nyuma ya jiko la Shangazi Eudoxie palikuwa na mparachichi, na mparachichi huo ndio uliokuwa mshauri wa Kalenda. Wazee wa kisiwa husema mti huo ukizaa kupita kiasi, mwaka huo bahari itakuja juu. Katika miaka sita mti ulizaa kwa uchoyo, naye kwa hofu aliiuza Septemba mara moja tu kila mwaka. Sasa alisimama mlangoni akiwa na kijiko mkononi, asiamini. Matawi yalikuwa yameinama mpaka yakategemezwa kwa magongo.

"Bondyé! Mungu wangu! Shangazi, mti umepatwa na nini?"

"Umeona, mwanangu? Hata pa kuyaweka sina. Mama yangu angesema tufunge madirisha mapema."

"Angesema kweli," alijibu Kalenda, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha.

Asubuhi yake alipita sokoni, akaona wanawake wamepanga foleni mbele ya meza ya shangazi wakinunua parachichi moja kwa bei ya manne. Akaipita foleni ile akipiga mluzi. Mtu anayesoma nusu ya ukurasa huumia kwa nusu iliyobaki, na Kalenda alikuwa amesoma mti akaacha soko.

Wiki hiyohiyo aliiuza nyumba mara mbili zaidi, kwa juma lilelile la Septemba alilowauzia akina Gunderson: kwanza kwa wajane watano wa kwaya ya kanisa kutoka Leeds, kisha kwa maharusi kutoka Toronto. Kwa kuwa hakupenda kuandika, alichukua mkataba wa Gunderson akaupeleka dukani ukatolewa nakala, pamoja na ule mwandiko mdogo wa mviringo uliokuwa pembeni. Fedha zote akazipandisha juu ya paa: bati jipya, jekundu, lililong'aa hadi bandarini. Alitaka nyumba isimame kimbunga kikipita.

Kimbunga hakikupita.

Agosti ilikwisha anga ikiwa safi kama sahani ya bwana harusi. Katika kanisa kuu watu waliwasha mishumaa kuomba bahari ilale. Kalenda aliwasha wake akaomba kinyume, na inaaminika kwamba Mungu aliitambua sauti hiyo kwa upweke wake. Septemba mosi redio ilitaja dhoruba iliyozaliwa mbali baharini. Kalenda alimnunulia kinywaji kila mtu aliyekuwa baa. Siku ya tatu dhoruba iligeukia kaskazini, kama mgeni aliyebisha mlango usio wake, ikaenda kufia huko.

Ndipo akapigilia mbao kwenye madirisha yote, akapiga picha, akawatumia wageni pamoja na maneno haya: "Tunajiandaa kwa mabaya. Moyo wangu unavuja damu. Msihatarishe maisha yenu."

Maharusi walijibu kwamba wamesisimka. Wajane wa kwaya walijibu: "Tunakuja kuwafariji." Marit Gunderson alijibu: "Nimepiga simu ofisi yenu ya hali ya hewa. Kijana mpole sana. Hakuna onyo. Tunatua Jumamosi saa nane mchana."

Jumamosi saa tisa na nusu teksi tatu zilipanda kilima, moja nyuma ya nyingine.

"Hawa ni nani?" aliuliza daktari Gunderson, akiwatazama wajane wakishusha masanduku.

"Wapita njia," alisema Kalenda.

"Sisi ni wapangaji!" alisema mkubwa wa wajane. "Nyumba nzima, juma zima. Nawe?"

"Nyumba nzima, juma zima."

Bwana harusi alitoa karatasi yake mfukoni. Mkubwa wa wajane alitoa yake. Marit aliziweka zote tatu pamoja juu ya boneti ya teksi, akainamisha miwani. "Torvald," alisema polepole, "huu ni mwandiko wangu. Mara tatu."

"Mara mbili," alisema daktari, na macho yake yaling'aa kuliko bati. "Atarudisha mara mbili! Mimi nataka mara mbili yangu!"

"Na sisi!"

Kalenda alitazama paa, ambako fedha zote zilikuwa zimepigiliwa misumari. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita. Alikimbia kuteremka kilima.

"Shangazi! Shangazi, niokoe! Watanifunga!"

Shangazi Eudoxie alikuwa ameketi mlangoni, amevaa gauni la Jumapili. Nyuma yake sufuria mbili zilikuwa motoni, na binamu saba walikuwa wamekaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, kama watu wanaongoja meli wanayoijua saa yake.

"Wamefika wangapi?" aliuliza.

"Tisa. Shangazi, ulijuaje?"

"Wewe husimulia biashara yako kila baa inayouza bia. Ufunguo."

"Tuzungumze kwanza, shangazi, mimi ni damu yako..."

"Na mimi ni damu ya Ma Théodora. Ufunguo, Cletus. Na useme mbele ya hawa: lango halina kufuli tena."

Alisema. Sauti yake haikusikika vizuri, ikambidi aseme tena. Ndipo shangazi akaupokea ufunguo, akaufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni.

Kalenda alitazama mti uliokuwa umeinama nyuma ya jiko. "Lakini mti, shangazi. Mti ulisema!"

"Mti ulisema nilichoutuma. Ijumaa Kuu niliupigilia misumari saba, nikautandika fimbo, nikauambia usipozaa mwaka huu ni kuni. Hiyo ndiyo dawa ya mti mvivu, bibi yako alikufundisha ukiwa na miaka mitano. Miti yote mingine kisiwani haina hata kumi! Ulidhani wale akina mama wanapanga foleni kwa uzuri wangu?"

Binamu mmoja alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye godoro.

Juu ya kilima shangazi aliwakuta wageni wakiwa wamemaliza kugombana, kwa kuwa jua halikuwaachia nguvu. Akaagiza mbao zing'olewe madirishani. Kisha akasimama juu ya ngazi za veranda ya bluu.

"Wageni wangu," alisema, "nyumba hii ni ya ukoo. Mnaweza kumdai Cletus mara mbili ya fedha zenu, na mkimgeuza kichwa chini miguu juu hamtapata hata kitufe. Au mnaweza kula mara mbili. Vyumba ni vinne, magodoro yapo. Amueni kabla chakula hakijapoa."

Kilichowashinda si hotuba. Ni parachichi lililokatwa vipande vinene, likapondwa na unga wa muhogo wa kukaanga na samaki wa chumvi, na chai ya kakao yenye mdalasini pembeni. Daktari Gunderson alikula sahani tatu, akauliza kama ni bure, akaambiwa ni bure, akala ya nne.

Na sasa linakuja jambo la kusikitisha sana kwa mtu aliyeishi kwa uongo. Juma zima mvua haikunyesha. Pwani ilikuwa tupu, maji yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Wajane waliimba verandani kila jioni, na maharusi walisahaulika wasitafutwe. Kila neno alilosema Kalenda gatini mwezi wa pili lilitimia, na hakupata hata senti. Siku ya sita Marit na Shangazi Eudoxie waliandika mkataba wa Septemba ijayo, ukurasa mmoja. Marit aliusoma mbele na nyuma. Shangazi naye akauchukua, akausoma mbele na nyuma, kwa muda uleule.

Kalenda alilala jiko la nje, mahali alipopangiwa, akaamka saa kumi na moja kila siku kukaanga maandazi. Siku ya kuondoka alibeba masanduku yote hadi kwenye teksi. Daktari Gunderson alipekua mfuko mmoja, akapekua wa pili, akatoa dola moja, akaitazama kwa uchungu, akampa.

"Niambie, rafiki yangu," alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Miezi yote unaijua. Wewe mwenyewe sasa utapumzika lini?"

Kalenda aliifunga dola ile katika kiganja. "Februari, mzee wangu. Nadhani Februari."

Dirisha la juu lilifunguka, na ufunguo ukametameta juani.

"Cletus!" aliita shangazi. "Februari pamejaa!"