Ufunguzi wa Kituo cha Kuainisha Vyungu, Khayega

Mgeni wa heshima, ambaye kiti chake mnakiona hapa mbele kikiwa kimefunikwa kitambaa cheupe, na ambaye angekuwa amekikalia kama angefika. Machifu wa lokesheni zote jirani pamoja na manaibu wao. Wazee wa mtaa. Wachungaji wa makanisa yote, yale yenye ngoma na yale yasiyo na ngoma. Mwalimu mkuu aliyetuazima madawati. Wakulima wa miwa, wakata miwa na madereva wa trekta. Na nyinyi mama zetu wafinyanzi wa Khayega, mliokaa juani kwa sababu kivuli kimewatosha viongozi tu: hamjambo? (Umati: Hatujambo.) Sijasikia. (Hatujambo.) Vizuri.

Mimi, kama mnavyojua na kama msivyojua, ni Bramwel Shikanga, Mratibu Mkuu, Mwenyekiti wa Muda na Katibu wa Kudumu wa Halmashauri ya Uainishaji wa Bidhaa za Udongo, halmashauri ambayo kwa ajili ya kubana matumizi ina mwanachama mmoja. (Makofi machache.) Katika mwaka huu wa elfu moja mia tisa sabini na nane, ambapo kila mwenye nusu ekari ameng'oa mahindi akapanda miwa, na ambapo pesa ya sukari imefikisha redio na sufuria za alumini hadi Navakholo ndani kabisa, ni nani aliyemkumbuka mfinyanzi? Ni mimi. (Sauti moja: Ni wewe.) Asante, mzee wangu, kaa chini.

Ndugu zangu, ulimwengu haununui chungu. Ulimwengu unanunua nambari. Kule forodhani kuna kitabu kinene ambamo kila kitu kilichofinyangwa kikachomwa kimepewa nambari yake: matofali yana yake, vigae vya paa vina yake, vyombo vya jikoni vina yake, mapambo yana yake, masinki na vyoo vina yake. Chombo kikikosea nambari, ushuru unakosea. Ushuru ukikosea, meli haiondoki. Na meli isipoondoka, mfinyanzi wa Khayega anabaki Khayega. (Umati unatazamana.)

Ndiyo maana mwaka juzi nilifika nyumbani kwa Mama Zipporah Musimbi, mnamwona pale mwenye leso ya kijani, nikamwomba chungu chake kizuri kuliko vyote, kile kikubwa chenye shingo nyembamba alichomfinyangia binti yake Nanjala kwa ajili ya arusi. Mama alisita. Nikamweleza kwamba chungu hakiendi kupotea, kinaenda kuwa sampuli. Akakifuta kwa leso yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Forodhani nilipokewa na ofisa mmoja, Bibi Jeruto, mwanamke kijana asiyecheka. Aliniuliza chungu kinafanya kazi gani. Nikamwambia kinapamba nyumba, naye akakiandika katika mapambo. Lakini mchana kulikuwa na joto, nikakitia maji nikanywa. Akaniona, akafuta, akakiandika katika vyombo vya jikoni. Nikapinga, tena kwa hoja za kiteknikali, nikisema kwamba bidhaa ya hadhi hii haiwezi kuwekwa kapu moja na vikombe vya uji. Mjadala ukawa mrefu, na ofisi ile ina upungufu wa viti, kwa hiyo nikakikalia chungu. Bibi Jeruto akanitazama kwa muda, kisha akafungua ukurasa wa masinki na vyoo. (Kicheko kirefu.) Msicheke, mambo ya nje hayachekwi. Kwa bahati mbaya, kutokana na shinikizo kutoka juu, chungu kilifikia kikomo cha uwezo wake. (Kicheko tena.) Vipande vile viliainishwa kuwa kokoto, na kokoto zangu hazikutozwa ushuru. Kwa hiyo leo natangaza kwa fahari kwamba bidhaa ya Khayega imepita forodhani bila kudaiwa chochote. (Makofi. Mama Zipporah hapigi makofi.)

Kutokana na mafanikio hayo, nilirudi hapa nikawaahidi Kituo: Kituo chenye tanuri ya kisasa na maabara, ambapo kila chungu kitapigwa mhuri wa nambari yake kingali kibichi. Na ili malighafi isiharibiwe na watu wasiohudhuria semina, niliwaagiza msimamishe uchimbaji wa udongo kule bondeni, nikalizungushia bonde waya. Mkatii. Huo ndio unaoitwa ushirikishwaji wa wananchi katika ngazi ya mashinani.

Naona Mama Zipporah amesimama. Itifaki hairuhusu maswali kabla ya shukrani, lakini mimi ni kiongozi msikivu. Sema, mama.

(Mama Zipporah: Mheshimiwa, sisi tulikuwa tunachimbanga udongo hapo tangu wakati wa nyanya zetu. Umetuambia tungoje, tumengoja. Nanjala ameolewa akiwa na sufuria ya duka. Mimi sijashika udongo mpaka mikono imeanza kuniuma kwa kukaa bure. Sasa tuonyeshe hicho kituo, tukae tujue.)

Swali zuri, na limeulizwa kwa wakati unaofaa wa kulijibu baadaye. Kituo, mama, kiko katika hatua. Ukiangalia upande wa utepe, kazi imekamilika kwa asilimia mia moja na kumi. Utepe ni huu hapa, umefungwa kati ya nguzo hizi mbili, na bado kimebaki kipande. Upande wa jengo, takwimu bado zinapikwa. Lakini nani alisema jengo ndilo Kituo? Kituo ni mtazamo. Nami sasa, kwa mamlaka niliyojipa, nakata utepe huu na kutangaza kwamba kimefunguliwa. (Anakata. Nyuma ya utepe ni nyasi, na mbuzi mmoja.)

Mbona mnaondoka, mama zetu? Soda bado hazijagawiwa. Chifu, hebu waulize wanaenda wapi. (Chifu anarudi kusema kwamba wanaenda kuchimba udongo wao.) Mama Zipporah, nakusihi kama mwanao. Bondeni hakuna udongo wa kufinyanga siku hizi, kuna mimea ya kuzuia mmomonyoko. Ni mirefu, ndiyo. Ni mitamu, ndiyo, sikatai. Tafadhali msiinue waya. Msikanyage, trekta inakuja Jumatatu kubeba miwa yangu. Nimesema yangu? Nilimaanisha miwa ya Kituo.

Basi, kwa nyinyi mliobaki, tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema Udongo, mnajibu Nambari. Udongo. Nimesema, Udongo. (Kutoka bondeni, mlio wa majembe.) Udongo kwa maendeleo. Maendeleo kwa nambari. Khayega mbele.

Nawashukuru nyote kwa kufika kwenye ufunguzi wa Kituo hiki, ambacho kama kingekuwepo kingewashukuru chenyewe. Na shukrani za pekee ziwaendee akina mama kwa subira yao. Mngekuja kuuliza mwaka jana, mngeikuta miwa ikiwa midogo, na mngeing'oa kwa mkono.