Nafasi Moja kwenye Ndege ya Kampala

Jumatatu, 4 Februari 2002

Matokeo yametoka! Mwaka mzima asubuhi niko sekondari hapa Bunia, mchana niko chuo cha ufundi cha mtawa wetu, Frère Gérard. Na sasa masomo ya mchana yanahesabiwa: chuo cha wahandisi Kampala kitanipokea moja kwa moja mwaka wa pili, mradi nifike Ijumaa nisailiwe. Baba angefurahi. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kule kwetu, mji wa Fataki. Kabla ya kuifungua aliitegea sikio kwanza, kama mgonjwa.

Lakini Hervé, mwenzangu wa darasa, naye amefaulu. Pointi zetu ni sawasawa. Sawasawa! Yeye ana kompasi za kisanduku, zawadi ya mjomba wake. Mimi nachora duara kwa uzi na msumari. Frère aliinua mchoro wa Hervé darasa zima waone. Wangu aliuliza kama umenyeshewa.

Jumanne, 5 Februari

Barabara zimefungwa na vita. Imebaki ndege ndogo ya wamisionari, na ndani yake nafasi moja. Frère amesema rubani atatupima kwenye mizani uwanjani. Mwepesi ndiye atakayepanda. Hervé alicheka. Mimi sikucheka. Nimeanza kufunga leo leo. Na Hervé nimemwalika kula kwetu kila siku.

Jumatano, 6 Februari

Mpango unaenda vizuri. Hervé alikula ugali wa fufu, mboga ya sombe na samaki wa ziwani Kasenyi, akaongeza, akalamba vidole. Mimi maji. Shangazi Bibiane, anayenilea tangu Baba afe vitani, aliniuliza mbele ya mgeni: "Mutoto ya kaka yangu, Kwaresima bado haiyaanza. Weye unafungia nani?" Nilisema tumbo linauma. Akanichemshia dawa chungu. Nikainywa yote. Hervé akamalizia samaki wangu.

Alhamisi, 7 Februari

Leo tena maji tu. Hervé ameota mashavu. Nilifurahi kumtazama, kisha nikakasirika: hata kunenepa kunampendeza! Shangazi anamwita mwanangu. Mimi ananiita mgonjwa.

Saa za jioni bunduki zililia upande wa mtaa wa Mudzipela. Tukaingia sote chini ya meza. Hervé aliingia na sahani yake.

Ijumaa, 8 Februari

Uwanjani. Hervé alipanda mizani na kibegi chake. Kisha mimi na begi langu. Rubani akatikisa kichwa: nimemzidi Hervé. Haiwezekani! Akafungua begi, akatoa spana kubwa ya Baba. Chuma kitupu, nzito kama mtoto mchanga. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Fataki.

Rubani alisema niiache, nipande. Rahisi hivyo! Shangazi alinyoosha mikono aniwekee, akaapa ataifunga ndani ya kitenge chake. Najua angeitunza. Lakini nyumba ya Fataki nayo niliifunga mlango nikisema narudi kesho, na sijarudi. Vidole vilikataa kufunguka.

Hervé alisema, "Leta, ndugu, nitakubebea." Rubani akamwambia akiibeba atabaki yeye. Hapo Hervé akanikumbatia, akalia. Tangu mama yake akimbilie Mahagi, alisema, hakuna mtu wa Bunia aliyemlisha kama mimi. Akapanda. Hata kulia analia vizuri kuliko mimi. Ndege ilipopotea mawinguni, Shangazi alinipa mkate. Niliula wote nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 9 Februari

Habari njema! Kampala watasaili tena Ijumaa ijayo, na ndege itakuwa na nafasi moja. Ila Nadège wa darasa letu naye ameiomba, na Frère anasema pointi zetu ni sawasawa. Tutapimwa. Msichana mwembamba, huyu upepo ungeweza kumfikisha Kampala bila ndege!

Nimekaa nikafikiri kwa makini, nikaliona kosa langu. Hervé nilichelewa kuanza kumlisha, na samaki hawana uzito. Safari hii ni maharagi. Shangazi ameshabandika sufuria, ingawa ananitazama vibaya, na Nadège amekubali kuja mchana huu. Mimi nimerudia maji.

Spana nimeipaka mafuta isishike kutu njiani. Nimeilaza chini kabisa ya begi, nikaifunika kwa shati ili rubani asiione.