Murgos na Protini Tisa Nukta Sita

Jumanne, 22 Aprili
Kliniki imefunguliwa baada ya Pasaka. Daktari Evanthia, bosi wetu, anasema mmoja tu kati yangu na daktari mwenzangu Polixeni atakwenda mkutanoni Thesaloniki kuwasilisha mgonjwa wa ajabu mbele ya madaktari wa mifugo. Lazima niwe mimi. Nina suti.

Saa tatu akaja mzee Lazos, mchungaji, na mbwa wake Murgos, kachomwa mwiba mguuni. Mwiba nikautoa. Damu nikaitoa pia, huwezi kujua. Kioo cha kupimia kikasoma protini 9.6, na mwisho wa kawaida ni 7.5! Maji ya damu meupe kama maziwa. Protini juu, mbwa wa huku: kalaazar, ule ugonjwa unaoenezwa na usubi. Hotuba nimeianza.

Polixeni akashauri nipime kwanza albumini, ile protini kuu ya damu. Ikiwa nayo imepanda, huenda mbwa ameishiwa maji tu. Nikamwambia asijisumbue na mgonjwa wangu.

Jumatano, 23 Aprili
Nimempa Lazos habari. Akaiweka kofia magotini. Akauliza kama dawa ni za maisha. Nikasema ndiyo. Akasema Murgos ana miaka kumi na mitatu, amewafukuza mbwamwitu wangapi, hataki kumwona akinyauka. Basi Jumamosi nimchome ile sindano ya mwisho. Roho iliniuma. Halafu nikawaza kwamba hotuba yenye mwisho wa huzuni hukumbukwa.

Alhamisi, 24 Aprili
Mgonjwa mmoja hatoshi. Nimempima mbwa wa shangazi Thekla: 9.1. Wa jirani: 9.4. Mlipuko!

Polixeni akauliza mbwa hao wamekula nini tangu Jumapili. Swali gani hilo. Wamekula tulichokula sote: mafuta ya mwanakondoo, matumbo ya kuchoma, na mabaki yake mpaka leo. Akacheka mpaka akakaa. Eti mafuta kwenye damu hupindisha mwanga na kukidanganya kioo, ndiyo maana maji yake ni meupe. Eti Murgos alale bila kula, kesho tupime upya. Nimekubali, ili aaibike yeye.

Ijumaa, 25 Aprili
Maji ya damu safi. Protini 6.8. Albumini sawasawa.

Lazos alimkumbatia Murgos akalia mbele yetu sote. Kisha akanigeukia: "Yaani wewe kijana, ungeniulia mbwa kwa sababu ya mafuta ya Pasaka?" Nikamjibu kwamba sayansi ina hatua zake. Akasema hatua hizo nikazifanye kwa mbwa wa mama yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Evanthia amemteua Polixeni. Atazungumzia sikukuu na vipimo vya protini. Na takwimu zote ni zangu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mvua. Kliniki tulivu. Katika kizimba cha tatu yumo paka wa bibi Harikleia, mgonjwa wa Polixeni. Nimempima kidogo tu. Protini 4.1. Chini mno! Ini? Figo? Utumbo unaovuja? Nadhani vyote vitatu kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kuliona jambo hili. Nimempigia bibi Harikleia simu ajiandae kwa lolote. Ameanza kulia.

Polixeni amechungulia mlangoni na kusema paka huyo ametundikiwa dripu tangu jana, damu imezimuliwa na maji. Wivu umemkaa vibaya, maskini. Mkutano ujao ni Oktoba, Athens. Ugonjwa nimeupa jina langu.