Maombi ya Kurudishiwa Ukame Wangu wa Mawazo

Kwa Mkufunzi wa Semina ya Uandishi,
Ukumbi wa Maktaba, ghorofa ya pili.

Mheshimiwa Mkufunzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASWALI YAKO MAWILI

Ninakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekaa jikoni kwa sababu nitakazozieleza. Mimi ni yule mwanasemina wa kiti cha nyuma, aliyevaa skafu siku ya joto. Kwa kazi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Kwa wito ni mwandishi, ingawa hadi leo sijamaliza kuandika kitu.

Ulitufundisha kupata wazo la hadithi fupi kabla chai haijapoa. Ulisema tumtazame mtu yeyote, kisha tujiulize: anataka nini, na nini kinamzuia? Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na hapo ndipo nilipojipalia makaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeninyang'anya ukame wangu. Kabla ya semina nilikuwa mwandishi asiye na wazo, na hicho ni cheo kizuri mno nyumbani. Nilikuwa najifungia katika chumba chetu cha mbele, chenye dirisha la barabarani, nikashika tama. Watoto wakipiga kelele, mama yao aliwaambia wanyamaze, baba anawaza. Shemeji akija alipita kwa kunyata, kama nyumba yenye mgonjwa. Nilihurumiwa, nikaletewa chai. Baada ya semina, nilipochungulia dirishani, mlinzi wa jirani ni hadithi, muuza magazeti ni hadithi, na hata yule anayemkwepa muuza magazeti ni hadithi. Mawazo yamerundikana kama vyombo baada ya karamu, na hakuna anayeviosha. Hivyo nimegundua jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuligundua ghafla: kumbe kilichokuwa kinanizuia kuandika hakikuwa kukosa wazo.

2. Umenichongea kazini. Najua ulisema mtu ajiulize moyoni. Nilijiuliza, moyo ukakaa kimya, nikaona njia ya mkato ni kumwuliza mhusika mwenyewe. Asubuhi moja aliingia seremala, shavu limemvimba hadi jicho limefumba. Nikamwuliza kwa upole anataka nini maishani na nini kinamzuia. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki, akasema, "Nataka kung'olewa jino, na anayenizuia ni wewe."

Benchi zima lilicheka, hata wasioweza kufungua kinywa. Daktari aliniita pembeni akanikumbusha kwamba kazi yangu ni kuandika jina, umri na jino linalouma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizokutana nazo tangu nianze uandishi, na haikuwa yangu.

3. Umeingia chumbani kwangu. Jioni ile, ili kujipoza, nilimwuliza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Nilitarajia jibu la kujaza nusu ukurasa. Aliweka shati chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza mpaka watoto wakalala bila kuambiwa. Nilijua kwamba kabla sijamwoa alisomea ususi. Sikujua kwamba vitana vyake, vibanio na mashine ya kukausha nywele bado vimo kwenye begi chini ya kitanda ninacholalia, na kwamba nikiwa kazini huvitoa akavipangusa vumbi. Anataka kufungua saluni. Anataka kuifungua katika chumba chenye dirisha la barabarani.

Kwa kuwa ulitufundisha kutoacha kazi katikati, nikauliza swali la pili. Alijibu taratibu, bila hasira: "Wewe, baba watoto. Umo ndani, unawaza."

4. Chumba nimekitoa. Meza niliibeba mwenyewe, shemeji akashika upande wa pili, na safari hii hakunyata. Jikoni haikuenea, hivyo sasa naandikia humo juu ya meza ya kupigia pasi. Ng'ambo ya ukuta wanawake wanasukwa huku wakisimulia mambo ambayo, nikiyaandika, itanibidi nihame mji. Mke wangu hutoka huko jioni vidole vikimuuma, naye anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Hili nalo ni lalamiko, ila sijapata maneno ya kulilalamikia.

5. Kubwa kuliko yote, maswali yako mke wangu ameyadaka. Juzi nikiwa nasugua sufuria aliniuliza mimi. Nikajibu bila kusita kwamba nataka kuwa mwandishi. Akatikisa kichwa.

"Unataka kuitwa mwandishi," akasema. "Kuandika ni kazi nyingine."

Nilisugua sufuria ile mpaka ikaanza kunionyesha sura yangu, nikaigeuza upande wa pili. Skafu nimempa, anawafungia wateja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, maswali hayo yafutwe katika semina zako kabla hayajaingia katika nyumba nyingine. Pili, nipatiwe cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba sina wazo hata moja, nikionyeshe nyumbani na kazini, nipate kuhurumiwa upya.

Nisalimie wanasemina wote, na mtunza maktaba aliyetuvumilia. Yule mama wa kiti cha mbele, aliyemaliza hadithi yake kabla chai haijaletwa, msalimie pia, lakini kwa umbali.

Ni mimi, ninayeelemewa na mawazo yasiyo na mwandishi,

Karani wa Mapokezi.

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, baba yangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi kukaa nasi siku chache. Ni mtu wa salamu, hali ya hewa na bei ya saruji, kisha husema "haya", akakata simu. Leo baada ya "haya" hakukata mara moja, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Nimeishi naye, nimemtegemea, amezeeka nikimwona, na sijawahi kumwuliza anataka nini. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi: kwa mtu kama yeye, huanzwa kwa swali lipi? Cheti usisumbuke nacho. Na maswali usiyafute kwanza.