Ombi la Kutenganishwa na Ubongo wa Mervyn Pascoe

Toowoomba, Queensland

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Picha za Ubongo.

Mheshimiwa,

YAH: KUCHANGANYWA NA JIRANI

Natumai hujambo, na ile sumaku yenu kubwa ya kupigia picha vichwa nayo haijambo. Mimi ni Desmond Skerritt, mwuza nyama mstaafu, niliyejitolea kwenye utafiti wenu wa wazee wenye afya. Nililala ndani ya lile bomba kama mkate kwenye oveni, likanigongea kama mafundi wa mabati, na sikutikisa hata kope. Mkanipa picha ya ubongo wangu, kali ajabu, kila mkunjo unaonekana. Nimeitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi ulianza mlipotualika kuona matokeo. Dokta Vuong akawasha skrini, akasema kwa furaha: "Huu hapa ubongo wenu nyote! Tumelaza mmoja juu ya mwingine, tukapata mmoja wa wastani." Nikageuka. Kiti cha nyuma kaketi Mervyn Pascoe, jirani yangu, anatafuna biskuti zenu. Kumbe naye yumo! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinichanganya na Mervyn bila kuniuliza. Mtu huyu anaishi Queensland, anakula Queensland, halafu siku ya mechi ya raga anatundika bendera ya New South Wales, mahasimu wetu. Ubongo wa namna hiyo haulazwi juu ya wa mtu.

2. Tangu siku ile sina amani. Nikitoka kumwagilia bustani, ananiita juu ya uzio: "Des! Ndugu yangu wa kichwa! Leo tumeamka tunawaza nini?" Jumamosi, tukichoma soseji klabuni, alitangaza mbele ya watu: "Msimcheke Des jamani, akili anazo, sema nyingi ni zangu." Mke wangu alicheka mpaka akaweka sahani chini.

3. Hili ni zito. Dokta Vuong alieleza kwamba mgonjwa akija, mtalinganisha ubongo wake na huo wa wastani, muone wapi pana hitilafu. Yaani mama wa watu aje na kichwa chake kizuri, aonekane hafanani na Mervyn, aambiwe ana kasoro! Kutofanana na Mervyn ni dalili ya afya, Mheshimiwa. Mkiendelea hivi, Queensland nzima itatibiwa mpaka ifanane naye, na siku ya raga hatutakuwa na mashabiki. Mtaijibu nini serikali?

4. Nilimfuata Dokta Vuong nikamwomba anitoe mimi. Binti yule ni mpole, lakini alinichoma: "Mzee Des, hata tukikutoa, picha haitabadilika. Mko wengi." Haitabadilika? Miaka yote hii ya kukata nyama, kulea watoto, kukumbuka nani anapenda figo na nani hawezi kuziona, niondoke na lisionekane hata pengo? Hilo linaniuma kuliko Mervyn mwenyewe, nasema wazi.

Kwa hiyo naomba mumtoe Mervyn. Kama kweli hakuna tofauti, hamna cha kupoteza. Mkikataa, nitakuja na ndoano zangu zote za buchani nisimame mlangoni pa sumaku yenu izivute zote, tuone nani atakimbia.

Nisalimie Dokta Vuong, mama wa mapokezi, na yeyote aliyeoka zile biskuti.

Wako kwa heshima na kero,
Desmond Skerritt

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha Mervyn alipokuja kwenye uzio. Hakutania. Anasema mmempigia simu, kwamba mmeona kitu kichwani mwake, kidogo kama punje ya mchele, ambacho mashine za kawaida zisingekiona, na mmemtoa kwenye kundi la wenye afya. "Umeshinda, Des," akaniambia, akajaribu kucheka, ikashindikana. Mheshimiwa, sikumaanisha. Nawaomba sana, mrudisheni. Kama lazima mtu atoke, nitoeni mimi. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa upasuaji, maana hana mtu mwingine wa kumpeleka.